Picha za ndani ya jicho: unafuu hauanzi kwenye bei ya vipuri

Ndugu Mhariri,

Habari zinazoandikwa kuhusu vifaa nafuu vya kupiga picha ndani ya jicho, hasa vile vya OCT (optical coherence tomography), karibu zote huanza na hesabu ya vipuri: diodi ya kutoa mwanga kiasi hiki, kamera kiasi hiki, kasha limetoka kwenye printa ya 3D, na jumla yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine ya kiwandani. Hesabu hiyo si ya uongo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha mashine ya OCT ya kubebeka ambayo vipuri vyake viligharimu kama dola 7,000. Lakini mashine ile ililenga uchunguzi wa kliniki. Meza ya upasuaji ina masharti mengine kabisa, na ndiyo yanayotufanya tuandike. Neno letu ni moja: kifaa cha upasuaji kibuniwe kuanzia kwenye swali ambalo daktari anajiuliza akiwa ameshika koleo, ndipo iamuliwe kipi kipunguzwe bei na kipi kisiguswe.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, OCT ni mwangwi wa mwanga. Mwanga wa nanomita 840 hivi, ambao jicho huuona kwa shida kama wekundu hafifu, hugawanywa: sehemu moja huenda kwenye jicho la mgonjwa, nyingine kwenye kioo cha rejea. Zikirudi na kukutana, mawimbi huongezana au kufutana kufuatana na tofauti ya urefu wa njia zilizopita, na humo kompyuta husoma kila tabaka liko kina gani. Mbinu hii ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1991 na kundi la chuo cha MIT, Marekani, na wenzao. Chanzo cha mwanga chenye upana wa nanomita 50 hutenganisha tabaka zilizoachana mikromita 6 hewani, karibu 4.5 ndani ya tishu. Hadubini ya upasuaji, hata iwe nzuri namna gani, humwonyesha daktari kitu kutoka juu. OCT humwonyesha ubavu wake, kama mkate uliokatwa.

Maswali yanayohitaji ubavu huo ni machache na yanajulikana. Daktari anayepandikiza tabaka la ndani kabisa la konea (kioo cha mbele cha jicho), utando wa mikromita 10 hadi 15 tu, huuingiza ndani ya jicho ukiwa umejiviringa kama karatasi ya msokoto. Kabla hajaukunjua anataka kujua kingo zimejikunja kuelekea juu au chini, kwa sababu ukibandikwa kinyume, seli zake zitaelekea konea badala ya maji ya jicho na pandikizi halitafanya kazi. Akishaupandisha kwa kiputo cha hewa, anataka kujua kama kuna maji yaliyonaswa kati yake na konea. Mwingine amepitisha sindano ndani ya konea ili atenganishe tabaka, naye anauliza chini ya ncha imebaki tishu kiasi gani. Wa retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, anauliza kama utando alioushika umetoka wote. Katika utafiti wa DISCOVER wa Cleveland Clinic, Marekani, uliokusanya macho 837 kwa miaka 3, madaktari walisema picha za namna hii ziliathiri uamuzi wao katika asilimia 43 hivi ya upasuaji wa sehemu ya mbele ya jicho na asilimia 29 hivi ya sehemu ya nyuma.

Mtoto wa jicho, ambaye ndiye chanzo kikuu cha upofu duniani, hayumo katika maswali hayo, na tunaomba jambo hili lisemwe wazi kila kifaa kipya kinaposifiwa. Upasuaji wa kawaida wa mtoto wa jicho unahitaji taa nzuri. Taa ya hadubini ikikaa ndani ya nyuzi 2 hivi za mhimili wa kutazamia, mboni hung'aa nyekundu kutoka nyuma, na daktari huona vizuri ukingo wa kifuko cha lenzi anapokichana. Ikihamishwa hadi nyuzi 6, mng'ao huo hufifia. Hospitali yenye hadubini isiyotoa mng'ao mwekundu itumie fedha yake hapo kwanza.

Turudi kwenye OCT. Swali likishajulikana, kasi inayohitajika nayo hujulikana, na mara nyingi ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Mchoro mmoja wa ubavu hutengenezwa kwa mistari ya wima kama 500. Kamera inayosoma mistari 10,000 kwa sekunde hutoa michoro 20 kila sekunde, ambayo inatosha kabisa kufuatilia ncha ya koleo. Ukitaka michoro miwili iliyopishana kama msalaba, utapata jozi 10 kwa sekunde, na bado inatosha. Picha kamili ya pande tatu yenye michoro 200 ingechukua sekunde 10 kwa kasi hiyohiyo, na katika muda huo jicho, mkono na hadubini vyote vitakuwa vimesogea. Basi iachwe. Kuacha picha ya pande tatu ndilo punguzo kubwa kuliko yote: kamera inakuwa ya kawaida, kompyuta inakuwa ya kawaida, na mwanga mdogo unatosha.

Hata hivyo kasi ndogo ina mtego ambao wabunifu wengi huuona wakiwa wamechelewa. Tishu ikisogea nusu ya urefu wa wimbi, yaani kama mikromita 0.4, wakati mstari mmoja unasomwa, mawimbi hufutana na mstari huo hutoka mtupu. Mkono wa hadubini unaotikisika mara 10 kwa sekunde kwa sehemu ya kumi ya milimita hufikia mwendo wa milimita 6 kwa sekunde. Kamera ikiachwa wazi mikrosekunde 100 nzima, kila mtikisiko utafuta nusu ya picha, na fundi atahangaika akitafuta tatizo kwenye faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga. Dawa ni kuifungua kamera mikrosekunde 25 tu katika kila 100. Robo tatu ya mwanga inapotea, ndiyo, lakini picha inasimama.

Sehemu zinazovumilia kupunguzwa bei ni kasha, kompyuta, na skana, yaani vioo vinavyopeleka mwale huku na huku juu ya jicho. Vioo vidogo vya silikoni vya MEMS hufanya kazi ya skana kubwa za mota kwa sehemu ya gharama, mradi visiendeshwe kwa ishara yenye kona kali. Ukikipa kioo hicho wimbi la meno ya msumeno, kila kinaporuka kurudi mwanzo kitalialia kama kengele, na upande wa kushoto wa picha utajaa mawimbi ambayo daktari anaweza kudhani ni mikunjo ya tishu. Kona zilainishwe, na sehemu ya kurudi isionyeshwe kwenye skrini.

Spektromita, sehemu inayotenganisha mwanga uliorudi kwa rangi zake, ndiyo isiyovumilia. Humo mwanga uliorudi hutawanywa na gretingi (bamba lenye mistari myembamba sana) ya mistari 1,200 kwa milimita, ukakusanywa na lenzi ya fokasi ya milimita 150 na kuangukia kamera ya mstari yenye pikseli 2,048, kila moja ikiwa na upana wa mikromita 10. Fikiria basi kitako cha plastiki ya PLA, ile ya printa ya 3D, chenye urefu wa milimita 200. Joto la chumba likipanda nyuzi 5, kitako hicho hurefuka karibu mikromita 70. Cha alumini hurefuka 23. Tena plastiki hairefuki sawasawa: upande ulio karibu na kamera, ambayo yenyewe hutoa joto, hurefuka zaidi na kitako hupinda. Skrubu nazo huzama taratibu kwenye plastiki kadiri wiki zinavyopita. Mashine inayotoka karakana ikiwa kali, baada ya mwezi inatoa picha yenye ukungu, na hakuna kipuri hata kimoja kilichoharibika. Ushauri wetu ni kwamba kitako cha spektromita kiwe bamba moja la alumini, printa ya 3D ibaki kutengeneza vifuniko. Kamera iwe ya pikseli ndefu, mikromita 10 kwa 200, badala ya zile za mraba: mwale ukishuka au kupanda kidogo bado utaangukia pikseli. Tofauti ya bei kati ya kamera hizo mbili hurudi haraka kwa safari za fundi zilizookolewa.

Kuna kosa jingine la spektromita ambalo halionekani kwa macho. Pikseli zimepangwa karibu sawasawa kwa urefu wa wimbi, ilhali hesabu ya kina inataka mpangilio sawa wa namba ya wimbi, ambayo ni kinyume chake. Ubadilishaji huo ukifanywa kwa kukisia, tabaka za juu hutoka kali na za chini hutanuka, na jinsi unavyoshuka ndivyo zinavyozidi kutanuka. Taa ndogo ya argoni inatosha kuondoa kukisia: mistari yake ya mwanga ya nanomita 811.5, 826.5, 842.5 na 852.1 inajulikana, na ukishajua kila mmoja umeangukia pikseli ipi, ramani nzima unaichora. Taa hiyo iuzwe pamoja na mashine. Isibaki karakana kwa mtengenezaji.

Kuunganisha OCT na hadubini kuna masharti yake. Hadubini yenye lenzi moja kuu mbele ina nafasi kati ya lenzi hiyo na mirija ya juu ambamo mwanga husafiri sambamba. Hapo ndipo huwekwa kioo cha nyuzi 45 kinachopitisha mwanga wa kawaida kwenda kwa daktari na kuakisi ule wa nanomita 840. Hadubini za mirija miwili iliyoinama, zisizo na lenzi kuu moja, hazina nafasi hiyo, na mnunuzi aambiwe mapema. Kioo chenyewe kisiwe chembamba. Cha milimita 1 kikibanwa kwa skrubu hupinda kidogo tu, nao mwale wa OCT unaoakisiwa hutoa nukta ndefu badala ya duara. Tumia cha milimita 3, ukigandishe kwa silikoni sehemu 3 bila kukikaza.

Upana wa mwale ni jambo la kuamua, na uamuzi hutegemea tena swali. Kwa lenzi kuu ya fokasi ya milimita 200, mwale wa milimita 10 hutoa nukta ya mikromita 21, kali sana, lakini ukali huo hudumu kwa kina kisichofika milimita 1. Mwale wa milimita 5 hutoa nukta ya mikromita 43 na hubaki mkali kwa zaidi ya milimita 3. Kwa konea na pandikizi lake sisi tungechagua wa milimita 5 bila kusita. Daktari anatafuta mwanya wa maji kati ya tabaka mbili, na mwanya huo huonekana kwa kina, si kwa upana.

Tatizo linalowachosha madaktari kuliko mengine yote ni picha kugeuka juu chini. Spektromita haiwezi kujua kama tishu iko mbele au nyuma ya sehemu ya sifuri, pale njia mbili zinapolingana. Kwa kamera ya pikseli 2,048 inayobeba nanomita 100, dirisha lote lina kina cha milimita 3.6 hewani, karibu 2.6 ndani ya tishu. Daktari anagusa pedali kurekebisha ukali wa hadubini, hadubini inashuka milimita 2, na konea inavuka sifuri. Mara mgongo wake unaonekana umeinama kama bakuli, au nusu moja imelala juu ya nyingine. Katika chumba cha uchunguzi mtu husogeza kidevu cha mgonjwa. Kwenye meza ya upasuaji hakuna wa kufanya hivyo. Kioo cha rejea lazima kiwe juu ya mota ndogo, na programu itafute ukingo unaong'aa zaidi na kuurudisha robo ya juu ya dirisha kila unapohama. Mota hiyo ni ya bei ndogo. Mashine isiyo nayo, hata iwe rahisi vipi, itazimwa baada ya wiki ya kwanza. Kama itatumika pia kwa retina, ambapo lenzi ya ziada huwekwa juu ya jicho, mkono wa rejea uweze kurefuka sentimita kadhaa.

Lipo pia suala la kioo kinene cha lenzi kuu, ambacho mwanga wa jicho hukipita mara mbili na ule wa rejea haukipiti. Rangi husafiri kwa kasi tofauti ndani ya kioo, kwa hiyo kila tabaka hutoka nene kuliko lilivyo. Weka kipande cha kioo cha aina na unene uleule upande wa rejea, au rekebisha ndani ya programu. Njia zote mbili zinafaa, ila ya pili inataka kurudiwa kila lenzi kuu inapobadilishwa.

Sasa tufike kwenye kosa tunaloliogopa kuliko yote. OCT hupima njia ya mwanga, na ndani ya konea mwanga huenda polepole kuliko hewani, kwa uwiano wa 1.38 hivi. Konea ya mikromita 540 hujipima yenyewe kama 745 hewani. Programu isiyogawanya kwa 1.38 itamwambia daktari kwamba chini ya sindano imebaki tishu ya mikromita 138 wakati iliyobaki kweli ni 100. Akiamini namba hiyo na kusukuma, anatoboa. Kosa hili huingia kirahisi, kwa sababu karakana hujaribu mashine kwa kioo hewani, ambako namba zote ni sahihi. Kila kipimo kwenye skrini kionyeshe kimehesabiwa kwa hewa au kwa tishu, na picha isivutwe kwenda chini kuliko upana wake ili ipendeze.

Sindano na koleo za chuma hazipitishi mwanga. Uso wa juu hung'aa sana na chini yake hubaki kivuli cheusi, mahali penyewe daktari anapotaka kuona. Hakuna programu inayorudisha kilichofichwa na chuma. Mstari wa skani uwekwe mbele kidogo ya ncha, au sindano irudishwe nyuma na kina kisomwe kwenye mfereji iliouacha. Fuwele za dawa ya triamsinoloni ambazo hutiwa ili kuonyesha utando nazo hutupa vivuli, kwa hiyo picha ipigwe kabla na baada ya kuzisafisha.

Nguvu ya mwanga haina mjadala. Kwa nanomita 840, mashine nyingi hubaki chini ya mikrowati 700 kwenye konea, kiwango kinachotokana na viwango vya usalama vya leza na vya vifaa vya macho kama ISO 15004-2. Lakini jicho lililotiwa ganzi limetulia, mboni imepanuliwa, na taa ya hadubini nayo inamulika retina kwa dakika nyingi. Tungeshauri kukaa chini zaidi, na kuweka kizibo kinachofunga mwale chenyewe pale skana inaposimama. Nguvu ipimwe kwa mita mwanzoni mwa kila siku ya upasuaji.

Kuhusu usafi, PLA hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, basi isipelekwe kamwe kwenye otoklevu, chungu cha kutakasa vifaa kwa mvuke, ya nyuzi 121 au 134. Akriliki hupasuka nyufa ikifutwa kwa spiriti mara kwa mara. Vishikio tu ndivyo viingie otoklevu, navyo viwe vya chuma. Mistari ya printa hushika uchafu, hivyo upande unaotazama mgonjwa upakwe na kulainishwa au uwe wa chuma.

Hitilafu nyingi za kila siku ni ndogo na zina dalili zake. Picha ikififia ghafla baada ya mtu kusogeza faiba, polaraizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga, imebadilika; faiba zibandikwe kwa utepe zisiguswe tena. Ikififia polepole kwa siku kadhaa, angalia vumbi kwenye ncha za konekta. Konekta ya kijani imekatwa kwa pembe ya nyuzi 8, ya buluu ni bapa, na ukizikutanisha mwanga mwingi hupotea na mwingine hurudi kwenye diodi, ambayo huweza kuharibika. Umeme tuli wa mkono nao huiua diodi hiyo, kwa hiyo fundi avae mkanda wa kumwunganisha na ardhi kabla ya kufungua kasha.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ipitie kioo, kisha macho ya wanyama kutoka machinjioni, kisha upimaji wa usalama wa umeme wa IEC 60601-1. Baada ya hapo iwe na jaribio moja la asubuhi linalofanywa na yeyote aliye zamu: weka chini ya hadubini kioo chembamba cha kufunikia sampuli, chenye unene wa milimita 0.17. Skrini ionyeshe mistari miwili iliyoachana karibu mikromita 260 kwa hesabu ya hewa. Ikisoma 240 au 280, au mistari ikiwa minene kuliko jana, OCT isitumike siku hiyo, upasuaji uendelee kwa hadubini peke yake, na fundi aanze na taa ya argoni.

Tunawaomba wanaotengeneza vifaa hivi, na wanaovifadhili, watoe pamoja na mashine michoro ya kitako, jedwali la pikseli na mistari ya argoni, na thamani ya 1.38 mahali inapoonekana ndani ya programu.

Kundi la wahandisi wa optiki na mafundi wa vifaa tiba